Meno ya Mpiga Tarumbeta wa Isevya

Ukifika Isevya, mtaa wa Tabora, ukaulizia nyumbani kwa Martha, utazungushwa sana, maana akina Martha ni wengi. Ulizia kwa Mama Kulwa wa matarumbeta. Hapo hata mwenye genge atakunyooshea mkono bila kuinua macho kwenye nyanya zake.

Mama Kulwa ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, aliyevuka miaka sitini akiwa bado anapanda baiskeli. Asubuhi hukaanga karanga uani kwake kwenye mchanga wa moto, akazipepeta na kuzifunga, kisha akazipeleka barabarani kwenye meza yake pamoja na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vikakauka. Biashara yake ni ya siku zote isipokuwa Jumamosi jioni na Jumapili. Siku hizo huwezi kumpata. Yuko kanisani kwao Moravian, na bendi yake.

Bendi hiyo aliingia akiwa msichana wa kijiji cha Kwihara, enzi ambazo wasichana waliimba kwaya na wavulana ndio waliopuliza. Kaka yake alikuwa akija na tarumbeta nyumbani kuing'arisha. Kaka akienda kuoga, Martha alikuwa anaichukua na kujificha nayo nyuma ya ghala la mahindi. Siku moja mwalimu wa bendi alipita kuwasalimu wazazi, akasikia wimbo wa Jumapili ukitoka huko ghalani, akasema kijana huyu sasa ameanza kuelewa. Kijana mwenyewe akatokea bafuni na taulo begani. Mwalimu akamwambia kaka mtu kwamba Jumamosi aje na dada yake. Haikuchukua miaka mingi Martha akawa anakaa kiti cha mbele, akiongoza sauti ya kwanza, na kaka yake akiwa nyuma yake. Tangu hapo wapigaji wamekuja na kuondoka, wengine wamehamia Dar es Salaam, wengine amewazika yeye mwenyewe kwa tarumbeta hiyo hiyo.

Watu waliomsikia husema alikuwa na sauti iliyonyooka. Alikuwa hapambi. Ukimsikia alfajiri ya Pasaka makaburini, ambako Wamoravian hukusanyika kabla jua halijatoka kuusubiri ufufuo kwa nyimbo, ulikuwa unajua kila noti imewekwa mahali pake na mtu asiyekuwa na haraka.

Mwaka juzi, mvua za msimu zilipoanza, alikwenda Kwihara kumjulia hali dada yake mkubwa. Asubuhi walifuatana kisimani na ndoo. Pampu ya pale ni ya mkono, yenye mpini mrefu wa chuma, na kwa kuwa vyuma vya ndani ni vizito, ukiuachia mpini unaruka juu wenyewe. Mama aliyekuwa akipampu alichoka, akauachia bila kutazama. Martha alikuwa ameinama kuiweka ndoo sawa. Mpini ulimpiga mdomoni. Alisikia mlio kabla ya kusikia maumivu, na alipofumbua macho aliona meno yake mawili yako kwenye simenti, meupe, kama vitu vya mtu mwingine.

Mengine mawili yalikuwa yananing'inia, na hospitalini mjini yakang'olewa. Mdomo wa juu ulishonwa. Akarudi Isevya na pengo la meno manne ya mbele.

Kidonda kilipona. Maneno nayo yalirudi, ingawa herufi ya s ilimtoka na upepo mwingi, naye akajizoesha kuuza karanga huku ncha ya kanga iko mdomoni. Wateja walimpa pole, wakanunua zaidi ya walivyokusudia. Kilichomsumbua hakikuwa uso wake. Siku alipoona mdomo umepoa, alilifungua sanduku la tarumbeta uani. Mumewe, Mzee Ngollo, aliyestaafu ufundi wa reli, alijifanya anahangaika na mnyororo wa baiskeli.

Wengi hudhani tarumbeta hupulizwa kwa mashavu. Hupulizwa kwa midomo, na midomo hutaka ukuta wa kuegemea. Ukuta huo ni meno ya mbele. Martha alipoweka chuma mdomoni na kupuliza, mdomo wa juu ulizama kwenye pengo, hewa na mate vikatoka pembeni. Alijaribu tena, akajaribu kwa kuvuta mdomo pembeni. Ulitoka upepo mtupu. Aliifuta tarumbeta polepole, akaifungia. Ngollo aliendelea na mnyororo ambao haukuwa na tatizo lolote.

Daktari wa meno aliyemhudumia mjini alikuwa msichana mtaratibu aitwaye Najiat, ambaye kila mara humwamkia mgonjwa mzee kabla hajavaa glavu. Alimweleza Martha kwamba zipo njia mbili. Ya kwanza ni meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, yaliyopangwa kwenye bamba jembamba la plastiki linalokaa kwenye kaakaa. Hayo yangetengenezwa hapo hapo Tabora, na mtu huyapata upesi. Ya pili ni meno ya kupandikiza: skrubu ndogo za madini huzamishwa ndani ya mfupa wa taya, mfupa ukizishika, meno hufungwa juu yake, nayo hukaa kama ya kuzaliwa nayo. Hiyo ilitaka bingwa, na aliyekuwa karibu alikuwa Mwanza. Najiat hakumsukuma upande wowote. Alimuuliza tu yeye hutumia meno yake kwa kazi gani zaidi ya kula, na Martha alipomwambia, daktari aliweka kalamu chini akasikiliza.

Habari za kupandikiza zilimfikia Doto, binti yake, ambaye ni muuguzi Mwanza. Doto hakutaka kusikia njia nyingine. Alikuwa na akiba aliyoiwekea kiwanja, akasema kiwanja kitangoja. Pacha wake, Kulwa, aliye jeshini na asiye mtu wa maneno mengi, alituma ujumbe kwamba anaungana na mwenzake. Kanisani nako wazee wakaanza kuchangishana. Martha akajikuta watu wote wamekwisha kumchagulia meno, naye akaona adabu ni kwenda kwanza akasikilize.

Akapanda basi la Mwanza kupitia Nzega na Shinyanga. Bingwa alimpiga picha ya taya, akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Mpini ulikuwa umevunja pia ukuta mwembamba wa mfupa uliokuwa ukiyashika meno, na mfupa umebaki kidogo kuliko inavyotakiwa. Ingebidi kwanza aongezewe mfupa, angoje ushike, ndipo skrubu ziingie, angoje tena zishike, ndipo meno. Daktari alikuwa mkweli. Alisema matokeo huwa mazuri, na kwamba mwisho wa safari hiyo huenda akapuliza karibu kama zamani.

Martha aliuliza kuhusu muda wote huo wa kungoja. Je, angeweza kupuliza kidogo kidogo?

Bingwa akatikisa kichwa. Mfupa unaoshika hautaki kugandamizwa, akasema, na chuma cha tarumbeta hugandamiza papo hapo palipofanyiwa kazi. Pasaka hii isahau, na ijayo hawezi kuahidi.

Jioni, chumbani kwa Doto, mama na mwana walikula samaki. Kisha Martha akasema atayachukua yale ya kuvaa, ya Tabora.

Doto aliweka chini tonge. "Ni hela, mama? Sema kama ni hela. Mimi sijakulalamikia."

"Hela yako ningeichukua, nikakuombea kwa Mungu," Martha alisema. "Kinachonishinda ni kungoja. Ningekuwa na umri wako nisingefikiri mara mbili, ningelala kwenye kiti cha yule daktari leo hii. Lakini pumzi yangu ni ya mtu mzima. Nikiilaza muda wote huo, itaamka kweli? Na wale vijana wa bendi ninaowafundisha watazoea kuniona benchi. Nataka nifundishe nikiwa na chombo mkononi, hata kama kinatoa sauti mbaya."

"Kitatoa sauti mbaya, mama. Wewe huijui sauti mbaya. Hujawahi kuwa nayo."

"Basi nitaijua."

Asubuhi Doto alimsindikiza stendi, akamnunulia maji na mkate, lakini hakungoja basi liondoke. Baada ya hapo zilipita siku nyingi bila simu, na Martha, ambaye hakuzoea kunyimwa sauti ya mtoto huyo, alilibeba jambo hilo bila kumwambia mtu.

Meno yakatengenezwa. Siku ya kwanza alijiona kama aliyesahau kijiko mdomoni. Mate yalijaa, maneno yakawa mazito, na mkate ulimshinda. Matobolwa hakuyagusa kabisa. Ngollo alimtazama, akasema, "Umerudi," kisha akatoka nje haraka akaenda kusimama karibu na banda la kuku. Fizi zilichubuka, akarudi kwa Najiat yakapunguzwa pembeni, yakachubua tena mahali pengine, yakapunguzwa tena. Mwisho yakatulia kwa kula na kwa kusema. Kwa tarumbeta yalikataa.

Aliyekuwa ameyatengeneza ni Adinani, kijana wa mjini, wa ukoo wa mafundi, mwenye karakana nyuma ya kliniki. Aliposikia malalamiko alimwomba Martha aje na tarumbeta yenyewe. Akamketisha kwenye kigoda uani, akachuchumaa mbele yake akitazama mdomo. Martha alipuliza. Chuma kilipoyasukuma meno kwa mbele, bamba liliinuka kwa nyuma likaachia kaakaa, na noti ikakatika.

"Mama, hili nimelitengeneza kwa ajili ya kula na kucheka," Adinani alisema. "La tarumbeta sijawahi kulitengeneza. Niachie, nijaribu."

Aliliongezea vishikizo vya waya vya kukamata magego, akalijaza mahali, akalinyoa mahali. Martha alirudi pale karakanani mara nyingi, na kila aliporudi kijana aliacha kazi nyingine. Likawa afadhali. Noti za chini na za kati zikaanza kutoka, zina mikwaruzo lakini zinatoka. Za juu, ambako mpigaji hubana midomo na kusukuma chuma, hazikurudi.

Jumamosi moja ya Kwaresima alikaa kiti chake cha mbele kwenye mazoezi. Hakuna aliyemwambia asikae. Wimbo ulienda vizuri mpaka pale sauti ya kwanza inapopanda peke yake; hapo bamba likaruka, noti ikafa. Masolwa, mpiga tarumbeta ya pili, fundi seremala ambaye amekaa nyuma yake karibu maisha yake yote ya bendi, aliidaka noti ile akaipeleka mpaka mwisho. Vijana walitazama makaratasi yao. Martha aliweka tarumbeta mapajani, na mazoezi yaliyobaki aliyaongoza kwa mkono, uso mkavu, akisahihisha kila aliyekosea kama kawaida yake. Ila njiani kurudi nyumbani aliikokota baiskeli badala ya kuipanda.

Katikati ya wiki alikwenda stoo ya kanisa peke yake kusafisha vyombo kwa ajili ya Pasaka. Ni kazi aliyoipenda: kutia mafuta, kufuta kutu, kujaribu vitufe. Kwenye kona kulikuwa na tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito kabisa, limejaa mabonyeo, limekaa bila mtu tangu mpigaji wake alipohamia Urambo kulima tumbaku. Alitia mafuta vitufe vyake, akaviona vimelainika, akapuliza ili kuhakikisha.

Sehemu ya kupulizia ya tuba ni pana kama kikombe cha kahawa. Ukingo wake haukuyagusa meno ya bandia; uliegemea juu karibu na pua na chini karibu na kidevu. Bamba halikutikisika. Ikatoka noti moja nene, ya kukoroma, iliyofanya vioo vya dirisha vilie. Martha alikaa juu ya sanduku. Akapuliza tena, akaishikilia noti mpaka pumzi ikaisha, akahisi kizunguzungu, akacheka peke yake stooni.

Alilipeleka nyumbani kwa mkokoteni. Ilikuwa kama kuanza shule upya. Tuba inataka pumzi mara mbili ya alizozoea, noti zake husomwa kwa namna nyingine, na vidole vilivyozoea kukimbia sasa vilitakiwa kungoja. Alipiga noti ndefu uani, siku baada ya siku, kabla ya karanga na baada ya karanga. Jirani yake, Bi Mwanahawa, alichungulia uani akauliza kama kuna lori limekwama. Martha akamwonyesha. Bi Mwanahawa akaomba achungulie ndani ya lile tundu kubwa, akachungulia, akasema atawaambia wajukuu zake wasiogope, ni Mama Kulwa.

Jumamosi iliyofuata aliingia mazoezini akiwa na tarumbeta mkononi, na tuba ikaletwa nyuma yake. Akaenda moja kwa moja kwa Masolwa.

"Chukua kiti changu," alimwambia. "Sauti ya kwanza ni yako."

Masolwa alisimama akifuta mikono kwenye suruali. "Mpaka lini, dada?"

"Chukua tu. Mimi nakwenda nyuma, kwenye tuba."

"Nitakaaje mbele yako? Watu watanionaje?"

"Mimi nilikaa mbele ya kaka yangu wa damu, na aliniona kila Jumapili. Kaa, tuanze, jua linakwenda."

Masolwa akakaa. Martha akapita katikati ya viti mpaka safu ya mwisho, akajiweka kati ya vijana wawili wa sauti za chini, ambao mara moja walinyoosha migongo. Aliwaambia yeye hapo ni mgeni, wakimsikia amekosea wamguse kiwiko, wasione haya. Mwanzoni hawakuthubutu. Kufikia wimbo wa mwisho mmoja alithubutu, naye Martha akamshukuru kwa kichwa, akairudia sehemu ile mpaka ikakaa. Waliokuwapo husema hawajui jioni iliyoifundisha bendi zaidi ya hiyo, wala hakuna aliyetoa somo.

Pasaka ikafika. Watu walitangulia makaburini gizani, majani yamelowa umande, kila familia ikasimama karibu na wa kwake. Doto alikuwa ameingia na basi usiku bila kumwambia mtu. Alisimama nyuma ya umati, akamtafuta mama yake kwenye kiti cha mbele, akamwona Masolwa. Akadhani mama amekata tamaa, amebaki nyumbani.

Masolwa alianza wimbo kwa wasiwasi, mbio kidogo, kama mtu anayeteremka mlima na mzigo. Matarumbeta mengine yakamfuata kwa kasi hiyo hiyo. Kisha kutoka nyuma zikaja noti za chini, nzito, zilizopangwa kwa nafasi sawa, ambazo hazikukubali kukimbizwa. Zikamshika Masolwa. Akapunguza, akapata pumzi, na ule wimbo ukakaa katika mwendo wake. Alipopanda peke yake noti ilitoka safi. Doto aliujua ule mwendo usiokuwa na haraka kabla hajamwona mwenye nao. Akasogea pembeni mpaka akaona, chini ya mdomo mpana wa tuba, kilemba cha mama yake.

Jua lilipotoka na watu wakasalimiana, Doto alimfikia akamwamkia. Martha aliitikia marahaba akiwa bado ameikumbatia tuba.

"Nilikutafuta mbele," Doto alisema.

"Nimekuwa mtu wa nyuma. Unasikia zaidi ukiwa nyuma. Huko mbele nilikuwa najisikia mwenyewe."

Doto akasema kwa sauti ya kazini, ile ya muuguzi, "Hebu yavue nione fizi."

Martha akayavua hapo hapo makaburini, bila kujifunika kanga, akafungua kinywa kuelekea jua. Doto alimshika kidevu, akakagua upande huu na upande ule, akaona kidonda kidogo kushoto. Akamwambia asukutue kwa maji ya chumvi na asilale nayo usiku. Hakutaja tena Mwanza siku ile. Amewahi kuitaja baadaye, na Martha humjibu kwamba anajua mfupa unazidi kupungua, anajua alichokiacha, na hakuna siku amedanganya kwamba haikumuuma.

Sasa ni kawaida kumwona akipiga tuba harusini na misibani, amepiga kitako kama mtu aliyekaa kwake. Wenye mapengo nao humwendea mezani, mashavu yamebonyea, wakitaka awaambie wafanye lipi. Hawaambii. Mwaka jana alikuja Josepha, mwanamke kijana kutoka Choma, mfugaji, aliyepigwa teke na ndama akapoteza jino moja la mbele. Alitaka afanye kama Mama Kulwa. Martha alimuuliza ana miaka mingapi, mfupa wake umepona vipi, mdomo wake una kazi gani, kisha akampeleka mwenyewe kwa Najiat asikie njia zote mbili. Josepha alichagua kupandikiza. Alingoja miezi yote iliyotakiwa, na jino lilipokamilika alipita Isevya kulionyesha.

Martha alimsogeza kwenye mwanga. Akamwomba ruhusa, akaligusa jino kwa kidole, akalisukuma kidogo kuona kama litacheza. Halikucheza. Alilitazama muda mrefu, kwa jicho la mtu anayejua thamani ya kitu anachokitazama, akasema ni kazi nzuri sana, aitunze. Kisha akamuuliza kama huko Choma kanisani kwao wana bendi.